Sekunde Zisizohesabiwa: Dhidi ya Mazoea ya 1970

Miongoni mwa wanaobuni lugha za programu umeenea mtazamo ambao siku hizi haujadiliwi tena, kwamba suala la wakati limekwisha kuamuliwa: lugha yoyote mpya ikitaka kumwambia mtumiaji wake sasa ni saa ngapi, na impe namba moja, nayo iwe idadi ya sekunde zilizopita tangu saa sita kamili ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa wakati rasmi wa dunia unaofupishwa UTC. Hesabu hiyo, iliyotokana na mfumo endeshi wa Unix, imo katika simu, seva na hifadhidata karibu zote, na wanaoitetea husema kwamba kwa kuwa kila mashine inaielewa, kuchagua nyingine ni kujitafutia balaa. Hoja yao ina nguvu ya wingi, na wingi si kitu cha kudharauliwa katika kazi ya kuweka viwango, ambayo lengo lake la kwanza ni mapatano. Lakini watu wanaweza kupatana juu ya namba bila kupatana juu ya kile inachohesabu, na hilo ndilo lililotokea hapa. Lugha inayokabidhi namba hiyo peke yake, ikaiita wakati, inampotosha mtumiaji wake mahali ambapo hana njia ya kugundua kwamba amepotoshwa.

Ili ubishi huu ufuatike, mambo mawili yanapaswa kutenganishwa. La kwanza ni kianzio, yaani ile nukta ya wakati inayopewa sifuri na ambayo hesabu nzima hupimwa kutoka kwake. La pili ni mizani ya wakati, yaani kanuni inayoamua sekunde moja ni nini, na ni sekunde zipi zinazoingia katika hesabu na zipi zinazoachwa nje. Mijadala mingi huwaka juu ya kianzio, ambacho kwa kweli hakimdhuru mtu, ikapita kimya juu ya mizani, ambamo madhara yote yamo.

Mizani ambayo wataalamu wa vipimo huitegemea ni Wakati wa Atomu wa Kimataifa, TAI kwa kifupi, unaopatikana kwa kuwianisha saa za atomu mia kadhaa zilizo katika maabara za nchi mbalimbali. Sekunde yake imefasiliwa tangu 1967 kuwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya seziamu, na haijali kama jua limechomoza au limezama. Dunia, kwa upande wake, huzunguka kwa mwendo usio thabiti, mara ikichelewa na mara ikiharakisha, kiasi kwamba siku ya jua haidumu sekunde 86,400 za atomu barabara. UTC ni mapatano kati ya hivyo viwili: tangu 1 Januari 1972 inakwenda kwa sekunde za atomu, lakini kabla haijaachana na mzunguko wa dunia kwa zaidi ya sekunde 0.9 huongezewa sekunde moja, kwa kawaida mwishoni mwa Juni au Desemba, ambayo huitwa sekunde ya nyongeza, na dakika inayoipokea huwa na sekunde 61. Zimekwisha kuongezwa 27. Ya mwisho iliingia mwishoni mwa 2016, ambapo kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa ikikaribia saa tisa ya usiku wa kuamkia Mwaka Mpya.

Sasa Unix huifanyia nini sekunde hiyo? Haiifanyii chochote. Waraka wa viwango wa POSIX, ambao ndio unaotawala tabia ya mifumo endeshi ya ukoo wa Unix, hauhesabu sekunde zilizopita hata kidogo. Unachofanya ni kuchukua mwaka, siku, saa, dakika na sekunde zinazosomwa kwenye kalenda ya UTC na kuzipitisha katika fomyula ambayo ndani yake kila siku ina sekunde 86,400, isizidi wala isipungue. Kwa kuwa fomyula haina nafasi ya sekunde ya 61, sekunde ya nyongeza hupewa namba ileile ya sekunde inayoifuata, hivyo nukta mbili za wakati zilizopita kweli, moja baada ya nyingine, hubeba jina moja. Namba inayotokana ni tarehe ya kalenda iliyofumbwa kwa tarakimu, na kama ingeitwa hivyo hakuna ambaye angelalamika, kwa maana kuifumba tarehe katika namba moja ni jambo la manufaa. Tatizo linaanza pale inapotangazwa kuwa ni idadi ya sekunde, kwa kuwa anayeambiwa idadi huona ana haki ya kutoa na kujumlisha.

Hata wanaoujua upungufu huu hukosea kiasi chake. Husema kwamba hesabu ya Unix iko nyuma kwa sekunde 27, yaani zile za nyongeza, ilhali iko nyuma kwa karibu 29, kwa sababu miaka ya 1970 na 1971 ilipita kabla UTC haijapata sura iliyo nayo leo. Katika miaka hiyo sekunde ya UTC ilirefushwa kidogo kwa makusudi ili ifuatane na mzunguko wa dunia, na siku moja ya UTC ikawa inazidi sekunde 86,400 za atomu kwa milisekunde 2.592. Tofauti kati ya TAI na UTC, ambayo kwenye kianzio cha 1970 ilikuwa sekunde 8.000082, ilikua siku hadi siku, kisha ikasukumwa kwa mruko mdogo hadi sekunde 10 kamili tarehe 1 Januari 1972. Leo ni 37. Kianzio kinachosifiwa kwa uthabiti wake kiliwekwa, basi, katika kipindi ambacho sekunde yenyewe ilikuwa haijatulia.

Wala hakuna hekima iliyofichika katika mwaka huo. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, ulihesabu sehemu za sitini za sekunde tangu 1 Januari 1971, kwa kuwa mashine za wakati huo zilipata mdundo wake kutoka kwenye umeme wa Marekani wenye mizunguko 60 kwa sekunde, na hesabu hiyo ya biti 32 ingejaa baada ya siku 829 hivi. Kianzio kilihamishwa kabla kipimo hakijawa sekunde nzima na kabla 1970 haijakubaliwa. Wengine walichagua pengine: lugha ya Common Lisp na itifaki ya NTP inayosawazisha saa za mtandao zilianzia 1900, Windows ikaanzia 1601 kwa sababu ndio mwanzo wa duru ya miaka 400 ya kalenda ya Gregori, kompyuta za zamani za Apple zikaanzia 1904, mfumo endeshi wa VMS ukafuata wanaastronomia na kuanzia 17 Novemba 1858, na satelaiti za GPS huhesabu tangu 6 Januari 1980. Vianzio hivi vyote hubadilishana kwa kujumlisha namba moja isiyobadilika, mradi mizani iwe ileile. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuthibitishiwa jambo hilo, kwa kuwa anaishi na vianzio viwili vya siku: mazungumzo yanasema saa moja asubuhi, tiketi ya basi inasema 07:00, na anayeachwa na basi ni mgeni tu. Tofauti ya saa sita haijawahi kuharibu biashara, kwa sababu saa ya upande mmoja ina urefu uleule wa saa ya upande wa pili.

Kwa sababu hiyohiyo kelele zinazopigwa juu ya 2038 zinaweza kupitwa haraka. Ni kweli kwamba hesabu ya sekunde inayotunzwa kwa biti 32 zenye alama itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa UTC, yaani saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi huku Afrika Mashariki, na mashine za zamani zisizofanyiwa marekebisho zitajikuta zimerudi 1901. Lakini huo ni ufinyu wa chombo, na dawa yake, ambayo ni biti 64, inajulikana na imekwisha kutumika katika mifumo mingi. Hesabu pana yenye mizani mbovu itabaki mbovu kwa mabilioni ya miaka.

Madhara ya mizani hiyo hujitokeza zaidi katika kupima muda kuliko katika kuandika tarehe. Programu nyingi huiuliza mashine wakati bila kutaka kujua ni mwezi gani. Hutaka kujua tu jibu la seva nyingine limechukua milisekunde ngapi, au kama muda wa kusubiri umekwisha, na njia wanayofundishwa waandishi wake ni kusoma saa mara mbili na kutoa usomaji wa kwanza kutoka kwa wa pili. Usiku ule wa kuingia 2017 programu ya kampuni ya Cloudflare inayojibu maswali ya majina ya tovuti, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ilifanya utoaji huo wakati saa ya mashine imerudishwa nyuma kwa sekunde ya nyongeza, ikapata muda hasi, ikaupeleka muda huo kwenye amri ya kuchagua namba kwa bahati nasibu isiyokubali namba hasi, na sehemu ya huduma ikaanguka. Miaka minne na nusu kabla ya hapo, mwishoni mwa Juni 2012, sekunde nyingine ya nyongeza iliamsha kosa lililokuwa limejificha ndani ya kiini cha Linux, na seva nyingi duniani zikashikwa na kazi isiyo na maana hadi zilipowashwa upya au saa zake kuwekwa upya.

Watetezi wa mazoea hujibu kwamba lawama ni ya mwandishi wa programu, ambaye alipaswa kujua kwamba saa ya kalenda inaweza kurudi nyuma. Jibu hilo lingekuwa la haki kama mwandishi angekuwa amepewa saa nyingine akaikataa. Maktaba ya msingi ya Go wakati huo haikumpa hata moja ya kupimia muda. Ilikuwa na amri moja ya kuuliza wakati, na amri hiyo ilisoma kalenda. Mashine zenyewe zilikuwa nayo tangu zamani, saa isiyorudi nyuma, yaani kihesabio kinachosonga mbele tu na ambacho sifuri yake haina maana yoyote nje ya mashine, kwa kawaida ikiwa ni pale mashine ilipowashwa. Lugha ndiyo iliyokuwa imeificha kwa jina la urahisi. Toleo la Go 1.9 la Agosti 2017 lilifanya kila usomaji wa wakati ubebe namba zote mbili, ya kalenda na ya kihesabio, na utoaji ukawa unatumia ya pili. Marekebisho hayo yalifanyika ndani ya lugha, na maelfu ya programu zilizoandikwa vibaya zikapona bila waandishi wake kugusa mstari hata mmoja; ni vigumu kupata ushahidi mzito zaidi ya huo kwamba kosa halikuwa la waandishi.

Kuna wanaosema kwamba makampuni makubwa yamekwisha kulitatua jambo hili kwa kuisambaza sekunde ya nyongeza. Google, iliyoanza mbinu hiyo mwaka 2008, sasa huigawa sekunde hiyo katika saa 24, kutoka adhuhuri hadi adhuhuri, hivi kwamba kila sekunde ya kipindi hicho hurefushwa kidogo sana na hakuna mruko unaoonekana. Kama ufundi wa kuokoa mitambo, mbinu hiyo ni ya werevu. Kama kiwango, ni kukiri kushindwa, kwa sababu ifikapo usiku wa manane saa ya mashine hiyo huwa imeachana na UTC halisi kwa nusu sekunde, huku namba inayotoa bado inaitwa UTC, na mashine ya jirani ambayo haikusambaza, au iliyosambaza kwa mtindo mwingine, inaitwa UTC vilevile. Ile sifa kuu ya hesabu ya 1970, kwamba kila mashine inaielewa, huvunjika pale hasa ambapo mapatano yanahitajika.

Mfano unaofundisha zaidi ni ule wa Scheme, lugha ndogo ya ukoo wa Lisp ambayo viwango vyake huandikwa na kamati na kupigiwa kura. Waraka wake wa saba, R7RS, uliopitishwa 2013, ulithubutu kuyaacha mazoea. Amri yake iitwayo current-second hurudisha sekunde kwa mizani ya TAI, na sifuri yake ni usiku wa manane wa 1 Januari 1970 kwa TAI yenyewe, nukta ambayo iko sekunde 8.000082 kabla ya usiku wa manane wa UTC. Uchaguzi huo waweza kuonekana kuwa ni unyoofu wa kitabuni, lakini haukuwa wa ajabu, kwa maana itifaki ya PTP, inayotumika kuoanisha saa katika mitandao ya simu na katika masoko ya fedha, huhesabu kwa mizani hiyohiyo kutoka kwenye kianzio hichohicho. Kando ya amri hiyo waraka uliweka nyingine, current-jiffy, ambayo ni kihesabio cha kupimia muda chenye kianzio cha kiholela kinachoweza kubadilika kila programu inapoendeshwa upya. Kwa kutenganisha hivyo, kamati ya lugha ndogo iliona jambo ambalo Go ilingoja ajali ndipo ilione.

Kamati ilipokosea ni katika mlango wa nyuma ilioufungua. Waraka uleule unasema kwamba usahihi mkubwa hautakiwi, na kwamba huenda jambo bora ambalo mfumo unaweza kufanya ni kurudisha UTC pamoja na nyongeza isiyobadilika. Mantiki ya ruhusa hiyo inaeleweka, kwa kuwa mifumo endeshi mingi haikuwa na njia ya kujibu kwa TAI. Linux iliipata mwaka huohuo wa 2013, na hata hivyo, mpaka programu ya kusawazisha saa iiambie tofauti ya sasa ni sekunde ngapi, hujibu kana kwamba tofauti ni sifuri. Lakini UTC iliyoongezewa namba isiyobadilika hurudia sekunde palepale UTC inaporudia, ikiwa imevaa jina la TAI, na mtumiaji wa Scheme hana swali analoweza kuliuliza ili ajue amepewa ipi. Aliyeahidiwa UTC akapata UTC mbovu anaweza kujilinda, kwa kuwa ubovu wake unajulikana. Aliyeahidiwa TAI akapata kitu kinachofanana nayo ameondolewa hata sababu ya kujilinda. Kwa nyongeza, jibu hutolewa kama namba ya kukadiria, na kwa namba za biti 64 za aina hiyo, hesabu inapokuwa zaidi ya sekunde bilioni moja na milioni mia saba kama ilivyo sasa, hatua ndogo inayoweza kuonyeshwa ni karibu robo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, ufinyu ambao namba kamili isingekuwa nao.

Java ilianguka katika shimo hilohilo kwa adabu zaidi. Maktaba ya wakati iliyoingia na Java 8 mwaka 2014 inaeleza mizani yake yenyewe, ambayo sekunde ya nyongeza husawazishwa katika sekunde 1,000 za mwisho wa siku, maelezo yaliyoandikwa kwa uangalifu wa kupendeza. Kisha, aya chache mbele, inatamka kwamba mifumo inayotekeleza lugha hailazimiki kufanya usawazishaji huo, wala kutoa saa isiyorudi nyuma. Msomaji makini atajiuliza waraka wa viwango ambao hauwajibishi mtu una kazi gani.

Dhidi ya haya yote husimama hoja ambayo watetezi wa 1970 huiona kuwa ngome yao ya mwisho, kwamba mtumiaji wa kawaida hataki saa kadhaa, anataka namba moja, na kumzidishia ni kumchanganya. Historia haiungi mkono hofu hiyo. Ada, lugha iliyobuniwa kwa ajili ya mitambo ya ulinzi ya Marekani, iliweka katika toleo lake la 1995 saa ya kupimia muda iliyo mbali na saa ya kalenda, kila moja na aina yake ya data. C++ ilifanya vivyo hivyo 2011, na katika toleo la 2020 ikatamka wazi kwamba saa yake ya kawaida ni ya Unix isiyohesabu sekunde za nyongeza, ikaongeza saa ya UTC inayozihesabu, saa ya TAI inayoanzia 1958, na saa ya GPS. Jambo la msingi hapo ni kwamba nukta za saa mbili tofauti haziwezi kutolewa moja kutoka kwa nyingine: kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa maagizo ya mashine, hukataa kosa hilo kabla programu haijaendeshwa. Ni kweli maktaba hiyo ina maneno mengi na inachosha kuandika. Hata hivyo mwandishi aliyechoka hugundua kosa lake mezani pake, wakati mwandishi aliyepewa namba moja tupu huligundua usiku wa Mwaka Mpya.

Siku hizi imezuka hoja mpya, inayosemwa kwa sauti ya ushindi: Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulipitisha Novemba 2022 azimio la kuupanua, ifikapo 2035 au kabla yake, mwachano unaoruhusiwa kati ya UTC na mzunguko wa dunia, kwa hiyo sekunde za nyongeza zitakoma kwa muda mrefu na hesabu ya Unix itakuwa sahihi bila mtu kuigusa. Azimio hilo ni jema, lakini halina uwezo wa kurudi nyuma. Sekunde zilizokwisha kuingia zimo katika kila kumbukumbu ya kabla yake, na anayepima muda kati ya tukio la 2005 na tukio la 2040 atapungukiwa na sekunde zilezile. Zaidi ya hayo, azimio limepanua mpaka bila kuufuta, na kabla ya tarehe hiyo dunia, ambayo miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka kwa kasi kuliko ilivyotazamiwa, yaweza kudai jambo ambalo halijawahi kufanyika, yaani sekunde ya kuondolewa, ambayo mifumo mingi haijawahi kuijaribu katika kazi halisi. Na hata sekunde za nyongeza zikikoma kabisa, saa ya kalenda itaendelea kusogezwa na msimamizi wa mashine, na itifaki za mtandao, na betri inayokufa. Hitaji la saa isiyorudi nyuma halikuletwa na sekunde za nyongeza peke yake.

Upande wa pili wapo wapenzi wa TAI ambao, wakiisha kuona haya, hutaka kila tarehe ihifadhiwe kwa mizani ya atomu na kalenda iwe pambo la kuonyesha tu. Nao hawana budi kupingwa, ingawa kosa lao ni la heshima zaidi. Mambo mengi yanayoitwa wakati katika programu ni ahadi za kijamii: mkutano wa saa nne asubuhi, tarehe ya mwisho ya kulipa kodi, ndege ya Jumanne. Ahadi hizo zinafuata saa ya ukutani, na saa ya ukutani inafuata serikali. Sudan Kusini, iliyokuwa ikitumia saa moja na Kenya na Uganda, ilirudisha saa zake nyuma kwa saa nzima tarehe 1 Februari 2021. Miadi ya Juba ya Machi mwaka huo iliyokuwa imehifadhiwa kabla ya uamuzi huo kama hesabu ya sekunde, ziwe za atomu au za Unix, ingemfikisha mtu saa nzima kabla ya wenzake. Tukio lililopita lina sekunde yake. Miadi ijayo ina tarehe, saa na jina la mahali tu, na sekunde yake itajulikana siku ikikaribia. Lugha inayolazimisha miadi iwe namba, hata namba nzuri, inarudia kosa la Unix kwa usahihi zaidi.

Waraka wa viwango wa lugha yoyote ijayo, ikiwamo Scheme itakapoandikwa tena, unapaswa basi kutoa vitu vitatu visivyochanganyika: kihesabio kisichorudi nyuma cha kupimia muda, chenye namba kamili na upana wa kutosha, kwa kuwa hata kihesabio hujaa, kama waliotumia Windows 95 walivyoona mashine ikiganda baada ya siku 49.7 za milisekunde zilizohesabiwa kwa biti 32. Nukta ya tukio lililopita, kwa mizani iliyotajwa na yenye njia ya kuuliza kama mashine hii inaitoa kweli au inaikisia. Na tarehe ya kiraia iliyofungamanishwa na mahali. Kianzio kinaweza kuwa chochote. Kamati ikiona haya kuacha 1970, na iibakishe, mradi iseme ni 1970 ya mizani gani.

Kinachobaki ni ubadilishaji kati ya tarehe na mizani ya atomu, na hapo waraka unahitaji ujasiri ambao R7RS na Java zilikosa. Sekunde za nyongeza hutangazwa miezi sita hivi kabla, na taasisi ya kimataifa inayofuatilia mzunguko wa dunia, kwa hiyo jedwali lililo ndani ya lugha yoyote lina mwisho, na mwisho huo uko karibu. Ikiulizwa tarehe fulani ya 2032 ni sekunde ya ngapi kwa TAI, jibu la kweli ni kwamba bado halipo. Mifumo iliyopo hukisia kwa kutumia tofauti ya leo na kurudisha namba yenye tarakimu zote, ambayo mwandishi hana namna ya kuitofautisha na namba ya kweli. Waraka uamuru kwamba ng'ambo ya mwisho wa jedwali ubadilishaji ushindwe, na ushindwe kwa sauti: katika lugha ambayo kompaila yake hukagua aina za data, programu isiyoeleza itafanya nini ikikosa jibu ikataliwe, na katika Scheme, isiyokagua mapema, amri irudishe thamani ambayo si namba, ili jaribio la kwanza la kuijumlisha lisimamishe programu papo hapo.